Kipande cha Kamba, Toleo la Kumi na Mbili

Kapinga mwanangu,

Salamu nitaziruka. Tumeamkiana asubuhi, mchana tumekula bukari sahani moja, na hivi ninavyoandika nakusikia kwenye chumba cha pili ukibishana na mama yako kama samaki wakavu wataingia ndani ya sanduku au hawataingia. Wataingia. Mama yako hajawahi kushindwa na sanduku. Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya shangazi yako wa Lubumbashi utakayelala kwake kabla ya kuvuka kwenda Johannesburg, yote anayo yeye. Mimi nimebakiwa na jambo moja tu, nalo linanuka.

Jua lingali juu. Nimejifungia karakanani, katika kile chumba kilichokuwa saluni kabla hatujaingiza kompyuta zetu tatu, ambacho mpaka leo kikipata joto kinatoa harufu ya dawa ya kunyooshea nywele. Tangu saa nane nasafisha ile diski kubwa ili uondoke nayo kesho. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Unajua mtu anavyofunua sufuria iliyosahauliwa nyuma ya jiko wiki tatu? Nilifungua folda ya filamu yetu ya katuni, ya Fuko, nikakuta: Fuko final. Fuko final nzuri. Fuko final ya kweli. Fuko final ya kweli ya Jumanne. Fuko final usiguse. Fuko usiguse mpya. Na ndani ya folda ya kile kipande cha filamu chenye kamba, kwa herufi kubwa kama bango la bia: Kamba TATA, yaani ya baba, mimi.

Hizo nyingine nyingi ni zangu pia, na zinaniudhi. Hiyo moja inanitapisha.

Umepata kazi ya maana huko Johannesburg, kwa watu wa katuni. Hawakukuajiri kuchora bali kutunza matoleo, ili kila mchoraji afanye kazi juu ya faili lililo sahihi, na kazi ya mtu isifutwe wala isifunikwe na ya mwingine. Uliponipa habari hiyo nilicheka mbele ya wageni, nikapiga makofi, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikatema mate. Maana ulituambia pia jinsi ulivyowajibu walipokuuliza umejifunzia wapi. Ulisema ulijifunza Kolwezi, kwa kosa la mwenzako mmoja aliyebadilisha namba ya faili bila kubadilisha kazi, na kosa hilo likamvunja mtu mguu. Mwenzako huyo ni Dieumerci. Mwanangu, Dieumerci hakukosa. Aliyekosa ni mimi, na nimeliacha jina lake lioze miaka miwili mahali pa jina langu.

Sasa nimeandika. Ngoja nikueleze yote, hata yale unayoyajua, kwa sababu unayajua yakiwa yamepinda.

Ushirika wa wachimbaji ulitaka katuni fupi ya kuwaonyesha wageni, vijana wanaofika kutoka Kasai, kutoka Sandoa, kutoka mbali kule Kapanga, ambao hawajawahi kuona shimo lenye kina ila la choo. Dieumerci akatuchorea Fuko, mnyama mwenye kofia ya chuma na macho mabovu. Alikuwa na mkono ambao mimi sikupewa. Nililijua hilo tangu wiki yake ya kwanza hapa, na usidhani halikuniuma.

Katika kipande cha kamba, Fuko yuko chini shimoni, udongo unaanza kumwagika, naye anavuta kamba kuwaambia walio juu wamtoe. Kwanza tulikisia tu. Tulimfanya avute mara tatu, kwa sababu mara tatu ilikwenda vizuri na ngoma. Kisha akaja Tata Mukendi, yule mzee wa ushirika aliyechimba ujana wake wote, akasimama nyuma ya kiti changu akatazama, na uso ukamkunjamana.

“Hapana, hapana. Kwetu mara tatu ni kusema mushushe kamba, nataka kuendelea chini. Mutu akiona bulongo bunaanguka, anavuta bila kuacha. Anavuta sawa mutu wa wazimu. Mukionyesha batoto hii kintu, mutabaua.”

Dieumerci alikaa siku mbili akarekebisha. Akahifadhi kwa jina lake na namba kumi na mbili, alivyozoea, namba baada ya namba, bila mapambo. Siku ya tatu akapigiwa simu kwamba mama yake amefariki Sandoa. Akaondoka na barabara za mvua, na hakurudi ila baada ya wiki mbili na zaidi.

Hapa ndipo inapoingia sheria yangu. Unaikumbuka, maana uliitii kuliko wote. Faili lenye neno TATA ndilo lililopitishwa. Tata akishaligusa, hakuna wa kuweka namba juu yake. Niliitunga kwa sababu ilinipendeza, basi. Nyumbani kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, na mtoto anayeigusa anajua kitakachompata. Nilichukua firigisi nikaiweka ndani ya kompyuta. Wateja waliniambia karakana yangu ina heshima, nami nilinenepa kwa maneno hayo.

Basi Dieumerci akiwa msibani, mimi sikupenda rangi ya kofia ya Fuko. Ilikuwa ya njano, nikaona inafanana na za watu wa kampuni. Nikafungua kipande cha kamba kwenye kompyuta yangu. Lililokuwa kwangu lilikuwa toleo la tisa, la zamani, la kuvuta mara tatu. Sikutazama kamba. Nilitazama kofia, nikaitia rangi ya machungwa, nikajisifu peke yangu, nikahifadhi: Kamba TATA. Mpaka hapo ni upumbavu tu, na mpumbavu husamehewa.

Kesho yake ulikuja kuunganisha vipande. Ulisimama mlangoni na kalamu sikioni. Nakumbuka mpaka viatu ulivyovaa.

“Tata, kuko mbili. Kuko kamba kumi na mbili ya Dieumerci, na kuko ile yenu. Nikamate gani?”

Nilikuwa nakula karanga. Nikakujibu, “Haujue kusoma? Kwa moja banaandika nini?”

“Banaandika TATA. Lakini tata, ile ya Dieumerci njo iko na namba ya...”

“Kapinga.”

Nilitaja jina lako tu, wala sikupaza sauti. Ukasema, “Ndiyo, tata,” ukaenda ukachukua la TATA, kompyuta ikachemka siku nzima kutoa filamu, na Jumamosi tukaionyesha machimboni kwenye shuka jeupe, watu wakapiga vigelegele. Watu wengi wamenisifu kwa jinsi nilivyokulea, kwamba Kapinga ana adabu, Kapinga habishani na baba yake. Siku hizi nikisikia sifa hiyo nageuza mazungumzo. Ulikuwa na swali la kweli mdomoni na mimi nilikufundisha kulimeza.

Trésor unamjua. Alikuwa na mwezi mmoja tu Kolwezi, alitoka Kasai kama babu yako alivyotoka, ila babu yako aliletwa na kampuni kwa treni na Trésor alijileta. Udongo ulipoanza kumwangukia akafanya alichoona kwenye filamu. Alivuta mara tatu. Waliokuwa juu, watu wa siku nyingi, wakamwachia kamba ashuke. Walipokuja kumtoa mguu wake ulikuwa umekwisha, na ukimwona leo sokoni akiuza chaji za simu, unamwona anavyoutembeza.

Tata Mukendi alinipigia simu kwanza. “Tuko tunakuja kwako na batu wawili, tuone hiyo kintu.” Baina ya simu ile na mlango kugongwa ulipita muda wa kutosha mtu kuoga. Nilifungua mafaili yote mawili, moja baada ya jingine. Nikaona Fuko wangu anavuta mara tatu. Nikaona Fuko wa Dieumerci anavuta bila kuacha, kama mwendawazimu, kama tulivyoambiwa. Nikafuta la Dieumerci.

Nimesoma barua za watu wanaosema mkono ulikwenda wenyewe, shetani aliwapitia. Mkono wangu haukwenda wenyewe. Niliupeleka, nikabonyeza, kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo. Kisha nikanawa uso.

Walipoingia niliwaambia kwamba Dieumerci aliweka namba mpya juu ya kazi ya zamani. Kwamba nililifungua toleo la kumi na mbili nikakuta ni lilelile bovu, nikalifuta lisituchanganye. Mimi nikamwamini kijana wangu, nikatia rangi tu. Wewe ulikuwepo. Hukuwa umelifungua, ukaniamini kwa sababu mimi ni baba yako. Nilimgeuzia Dieumerci utaratibu wake mzuri ukawa kama wizi. Na yeye ndiye mtu pekee hapa ndani aliyekuwa na utaratibu!

Aliporudi kutoka Sandoa, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya mama yake, nikamfukuza. Alisema, “Tata, mi nilifanya ile kazi. Nilirudilia na kuhifadhi mara mbili, juu ya umeme, ulikuwa unakatikakatika. Iko mu kompyuta.” Ukaenda kutafuta kama kuna nakala nyingine, hukuipata. Akanitazama. Neno lilikuwa limefika kwenye meno yake kabisa, nililiona. Hakulisema, kwa sababu mimi ni tata. Alikunja mkeka wake mdogo wa kipanya cha kompyuta akatoka, na wewe ukamfuata mpaka mlangoni ukamwambia namba bila kazi ni bongo tu, uongo mtupu. Nilikusikia. Nilikuwa nimesimama pale na karanga mfukoni, nikakuacha umwambie.

Najua ulikuwa unampenda, au ulikuwa karibu kumpenda. Mama yako aliniambia baadaye. Sitaandika zaidi juu ya hilo, sina haki.

Sasa sikiliza jinsi uozo unavyojua kurudi juu. Ile programu yetu, kila ukihifadhi, yenyewe huacha nyuma nakala ya hali iliyotangulia, na kuibandika tarakimu moja mwishoni mwa jina. Sikuwahi kuiangalia, na wewe ulitafuta jina kamili tu. Mimi ni tata, naangalia kofia. Leo saa tisa, nikifuta uchafu huu, nimelikuta: kamba, Dieumerci, kumi na mbili, na ile tarakimu yake mwishoni. Alihifadhi mara mbili. Nakala ya mara ya kwanza ilibaki. Nimelifungua. Fuko anavuta, Kapinga. Anavuta kwa mikono miwili, kofia inamtoka, bado anavuta. Ni kazi nzuri kuliko yote iliyowahi kutoka katika chumba hiki, na miaka miwili imelala chini ya takataka zangu.

Mwezi uliopita nilikwambia nakwenda Fungurume kwa mteja. Sikukwambia kwamba nilipitia Tenke. Karibu na reli nilimwona Dieumerci juu ya ngazi, anaandika jina la duka la dawa ukutani. Nilitaka kupita. Aliniona akashuka, akafuta mikono, akaniletea kiti. “Tata, mukae. Mama eko muzuri? Kapinga eko muzuri?” Akatuma soda. Nilikunywa soda ya mtu yule! Pembeni yetu vijana watatu walikuwa wanacheka juu ya simu moja, nikasikia ngoma ninayoijua. Fuko, kofia ya machungwa, mara tatu. Tulitoa filamu iliyorekebishwa, unakumbuka, ulichora upya kipande hicho kwa mkono wako siku nne bila kulala vizuri, tukaigawa kila mahali. Lakini ile mbovu watu walikwisha kuipenda, inarushwa kutoka simu hadi simu, na hakuna anayejua kwamba kuna nyingine.

Dieumerci naye aliisikia. Akasema polepole, “Ile, tata, hatuwezi tena kuirudisha.”

Alisema hatuwezi. Alijiweka pamoja nami. Ningefurahi zaidi kama angenitemea mate.

Babu yako alifanya kazi katika ofisi ya ramani za mgodi. Hakuwa mchoraji, alikuwa mtu wa kubeba na kupanga. Nikiwa mdogo nilimpelekea chakula, nikamkuta anapiga muhuri kwenye ramani kuukuu na kuirudisha kabatini. Nikamuuliza kwa nini haichomwi na kuna mpya. Akaniambia ramani mpya inaonyesha mahali pa kwenda, lakini mashimo ya zamani yako kwenye ramani ya zamani, na mtu huanguka katika shimo la zamani. Nilikuwa na somo lote mkononi nina miaka tisa, pamoja na sahani tupu ya kurudisha nyumbani.

Sasa unakwenda kushika kabati la watu wengine. Watakuja kwako wakubwa wenye mikono mizuri na majina marefu, watataka faili lao liitwe jina la cheo chao. Liite namba. Andika pembeni ni nani aliyeomba badiliko na ni nini kilichobadilika, hata kama ni rangi ya kofia, hasa kama ni rangi ya kofia. Mtu akikwambia hili ni la mwisho, mwache aseme, wewe hesabu. Na akija msichana mlangoni na kalamu sikioni, akakuuliza achukue lipi, acha karanga zako. Simama, fungua yote mawili mbele yake, tazameni pamoja. Mimi ingenichukua dakika moja.

Wewe una jina la mama yangu, ndiyo maana tangu utoto nakuita mama, na kumwungamia mama si kazi nyepesi. Sikuombi unisamehe kwa haraka. Ukinisamehe haraka nitajua ni ile adabu tena. Nakuomba uwaandikie watu wako wa Johannesburg kwamba kisa ulichowapa kilikuwa toleo bovu, na uwape hili. Ukiogopa kwamba wataniona mbaya, waache.

Kesho basi lako likishatoka, sirudi nyumbani. Faili la Dieumerci liko kwenye diski yako, na nakala nimeitia mfukoni. Napita kwanza kwa Trésor sokoni, halafu kwa Tata Mukendi, halafu nachukua gari la Tenke. Nitamkuta juu ya ngazi. Safari hii nitakataa kiti, niseme nikiwa nimesimama, mbele ya wale vijana wa simu, na nitasema jina langu na sio cheo changu. Atakalojibu ni lake.

Mama yako ananiita nije nikalie sanduku ili lifungwe. Nakuja.

Jambo moja tu limebaki. Bahasha utaiona ni nene. Barua hii ni ya nne tangu saa tisa. Tatu zilizotangulia zimo pia, nimezipa namba, sikuchana hata moja. Katika ya kwanza niliandika kwamba Dieumerci alikuwa mzembe kidogo na mimi nilikuwa mzembe kidogo. Katika ya pili niliandika kwamba ni umeme uliokatika. Katika ya tatu, mama yangu, niliandika kwamba ni wewe, kwa sababu ni wewe uliyechagua faili. Zisome kwa kufuata namba. Na hii iandike nne. Usiandike juu yake TATA.

Kabeya